Kutembea Mashambani England na Marafiki Hadi Chakula cha Mchana Pabuni: Mwongozo Kamili

Mwishoni mwa juma, katika sehemu kubwa ya England, utawakuta watu wa rika zote wakiwa na buti za matope wakiteremka vilima kuelekea pabu ya kijiji, ambako meza yao imeshawekwa. Wengi wetu tunaozungumza Kiswahili na kuishi London, Reading au Birmingham tunawaona kupitia dirisha la treni, lakini hatujiungi nao. Hatukosi hamu; tunakosa mtu wa kutueleza njia ni ipi, nani anaruhusiwa kupita katikati ya shamba la mtu, na mgeni akifika kaunta afanye nini. Hayo yote yanajifunzika kwa muda mfupi, na yakishajulikana, siku moja ya namna hii huwapa marafiki nafasi ya kuzungumza kwa saa tano au sita mfululizo, jambo ambalo maisha ya mjini hayaliruhusu kwa urahisi.

Msingi wa mwongozo huu ni kwamba siku hii hupangwa kuanzia mezani kurudi nyuma. Anayechagua njia nzuri kwanza na kutumaini kwamba chakula kitapatikana mbele ya safari atafika saa nane na dakika arobaini mchana akiwa na watu sita wenye njaa, na ataambiwa kwa upole kwamba jiko limeshafungwa. Kwa hiyo tutaanza na pabu, tuje kwenye njia, kisha kwenye saa ya kuondoka nyumbani.

Hatua ya kwanza: Chagua pabu kabla ya njia

Pabu ya kijijini inatofautiana sana na baa ya mjini. Mara nyingi ni nyumba ya zamani yenye dari fupi na moto wa kuni, na wengi wa wateja wake wa mchana wamefuata chakula zaidi kuliko bia. Kwa sababu hiyo jiko lina saa zake na wapishi huzifuata. Kwa kawaida chakula cha mchana huanza kutolewa saa sita na kusimama kati ya saa nane na saa nane na nusu. Siku ya Jumapili jiko huendelea kwa muda mrefu zaidi, mara nyingi hadi saa kumi alasiri au zaidi, ingawa nyama ya kuoka inayopendwa sana inaweza kuisha mapema. Siku ya Jumatatu pabu nyingi za vijijini hazipiki, na nyingine hazifungui mlango kabisa.

Pabu inayofaa ni ile iliyo karibu na njia ya miguu ya umma, na ambayo utaifikia baada ya kumaliza kama theluthi mbili za mwendo wote. Sababu ya uwiano huo ni rahisi: ukila mapema mno, nusu nzima ya safari utaitembea na tumbo zito, na ukila mwisho kabisa, watu watafika wakiwa wamechoka na wameanza kukasirikiana. Vilevile hakikisha kwamba kuna kituo cha treni mwanzoni na mwishoni, kwa kuwa siku ya namna hii huharibika pale rafiki mmoja anapolazimika kukaa bila kinywaji kwa ajili ya kuendesha gari, au, vibaya zaidi, anapokunywa na kuendesha.

Nitatumia mfano mmoja hadi mwisho, nao ni safari ya vilima vya Chiltern, kaskazini-magharibi mwa London. Treni kutoka kituo cha Marylebone, London, hufika mji wa Wendover kwa muda usiofika saa moja. Kutoka Wendover, njia ya kitaifa iitwayo Ridgeway hupanda hadi kilima cha Coombe, hukatiza kwenye eneo la Chequers, na kufika kwenye kitongoji cha Cadsden, ambako pabu ya The Plough iko kando ya njia yenyewe. Kutoka hapo unapanda kilima cha Whiteleaf na kushuka hadi mji wa Princes Risborough, wenye kituo cha treni za kurudi Marylebone. Kabla ya chakula utatembea kama kilomita 8, na baada yake kama kilomita 4.

Pabu hiyo ina historia yake pia, kwa kuwa Chequers, makazi ya mashambani ya mawaziri wakuu, iko jirani. Mwezi Oktoba 2015 David Cameron, waziri mkuu wa wakati huo, alimpeleka hapo Rais Xi Jinping wa China, wakanywa bia na kula samaki na chipsi.

Hatua ya pili: Piga simu

Tovuti za pabu huchelewa kusahihishwa, na wenye pabu hubadilika mara kwa mara, kwa hiyo usiridhike na saa ulizoziona kwenye intaneti. Piga simu siku kumi au wiki mbili kabla, si katikati ya shughuli za mchana bali kati ya saa tisa na saa kumi na moja jioni, wakati mhudumu ana nafasi ya kukusikiliza. Mwambie mko wangapi, mtafika saa ngapi, na kwamba mtakuwa mmetoka matembezini. Taarifa hiyo ya mwisho ni muhimu, kwa sababu baadhi ya pabu zina sehemu yenye sakafu ya mawe inayopokea watu wenye buti za matope, na sehemu nyingine yenye zulia isiyowapokea.

Uliza jiko linafunga saa ngapi siku hiyo hasa. Uliza kama watoto wanaruhusiwa. Pabu nyingi zinazouza chakula huwakubali wakiwa na watu wazima, lakini si zote. Kama kundi lenu lina mtu asiyependa kukaa karibu na mbwa, liseme hilo pia, kwa kuwa katika pabu za mashambani mbwa hulala chini ya meza kama watu wa nyumbani, na mara nyingi upande mmoja wa nyumba huachwa bila mbwa kwa wanaokula. Mkizidi wanane, wenye pabu wengi huomba malipo ya awali au orodha ya vyakula mapema. Idadi ya kati ya wanne na wanane ndiyo ninayoipendekeza: mnatosha kubadilishana wa kutembea naye, na bado mnaenea meza moja.

Hatua ya tatu: Ifahamu haki yako ya kupita

Sehemu hii naiona kuwa ya maana kuliko zote, kwa sababu ndiyo inayowarudisha watu wetu nyuma. Mtu aliyekulia mahali ambapo kuingia katika shamba la mwenyewe bila hodi ni utovu wa adabu, au hata hatari, husita anapoiona njia ikipita katikati ya ngano au kando ya dirisha la jiko la mkulima. Katika England na Wales, njia ya miguu iliyoandikishwa kuwa ya umma ni haki ya kila mtu. Haijalishi wewe ni raia au mgeni, unaishi hapo au umekuja asubuhi hiyohiyo. Ardhi ni ya mkulima, lakini haki ya kupita kwenye mstari ule ni ya umma, naye haruhusiwi kuufunga. Akilima shamba linalokatizwa na njia ya miguu, sheria inamtaka airudishe ionekane tena ndani ya siku 14, kwa upana usiopungua mita moja. Kwa hiyo ukiona msitari uliokanyagwa katikati ya mimea, pita bila woga, mkifuatana mmoja nyuma ya mwingine.

Haki hii haikupatikana bure. Tarehe 24 Aprili 1932, mamia ya vijana wafanyakazi wa viwandani, wakiongozwa na Benny Rothman aliyekuwa na umri wa miaka 20, walipanda kwa makusudi mlima wa Kinder Scout, uliokuwa umefungwa kwa ajili ya uwindaji wa ndege wa matajiri. Baadhi yao walifungwa jela. Mwaka 1949 Bunge lilipitisha sheria iliyoanzisha hifadhi za taifa na kuzitaka halmashauri zichore ramani rasmi za njia za umma, na sheria ya mwaka 2000 ikaongeza haki ya kutembea nje ya njia katika milima, nyika na maeneo mengine ya wazi yaliyoainishwa. Uskoti ina sheria yake ya mwaka 2003, iliyo pana zaidi, kwa hiyo haya ninayoyaeleza yasichukuliwe kuwa ya Uingereza nzima.

Alama ni chache na zinakaririka. Mshale wa njano uliobandikwa kwenye nguzo au geti ni njia ya waenda kwa miguu pekee. Mshale wa buluu ni njia inayotumiwa pia na farasi na baiskeli. Mshale mwekundu unaonyesha kwamba hata magari yanaruhusiwa. Njia za kitaifa kama Ridgeway huwekewa alama ya tunda la mwaloni, na ukiifuata alama hiyo kwenye safari ya mfano wetu utakuwa na kazi ndogo ya kutafuta njia. Kibao kinachosema kwamba eneo ni la mtu binafsi hakifuti njia ya umma. Kina maana kwamba usitoke nje yake. Chequers ni mahali pa kuzingatia hilo kwa uzito wa pekee. Njia inakatiza barabara ya kuingilia kwenye jumba ambalo mawaziri wakuu wamelitumia tangu 1921, kamera zipo, na kutoka nje ya njia hapo ni kosa la jinai. Kubaki kwenye njia hakuna tatizo lolote, na hakuna atakayekuuliza unakwenda wapi.

Kwa ramani, nunua ya Ordnance Survey ya mfululizo wa Explorer, yenye jalada la rangi ya machungwa na kipimo cha 1:25,000, ambapo sentimita 4 za karatasi ni kilomita moja ya ardhi na njia za umma zimechorwa kwa vistari vya kijani. Programu yao ya simu ni nzuri pia, mradi uipakue ramani ukiwa nyumbani, kwa sababu mabondeni mtandao hupotea. Programu za kawaida za kuendeshea gari hazifai kwa kazi hii: hazitofautishi njia ya umma na ya mtu binafsi, na hazionyeshi uzio uko upande gani wa njia.

Hatua ya nne: Piga hesabu ya saa kutoka mezani

Mwaka 1892 mpanda milima wa Uskoti, William Naismith, alitoa kanuni inayotumika hadi leo: saa moja kwa kila kilomita 5, ukiongeza dakika 10 kwa kila mita 100 za kupanda. Kwa kilomita 8 za kutoka Wendover hadi Cadsden, zenye mpando wa kama mita 250 kwa jumla, unapata saa mbili na dakika chache. Kanuni hiyo lakini ni ya mtu mwenye mazoezi, asiyesimama. Marafiki husimama, watapiga picha juu ya kilima, watafunga kamba za viatu, watabishana kuhusu njia, na mmoja atapokea simu ya nyumbani. Ongeza nusu ya muda uliopata, na saa mbili zitakuwa saa tatu.

Sasa rudi nyuma. Meza iwe ya saa saba mchana, si saa nane, ili mkichelewa kwa nusu saa bado jiko liwe wazi. Mkitakiwa kufika saa saba kasorobo, basi mguu wa kwanza utoke kituo cha Wendover kabla ya saa nne kasorobo asubuhi, na treni ya Marylebone iwe ya kama saa tatu kasoro dakika kumi, ambayo kwenye ratiba ni 08:50 au iliyo karibu nayo. Waambie marafiki wakutane chini ya ubao wa treni saa mbili na nusu. Nasisitiza saa hizo kwa sababu mazoea yetu ya kuchelewa kidogo yanavumilika kwenye harusi, lakini treni ya kijijini inayopita mara moja au mbili kwa saa haiyavumilii.

Mkiwa watu wazima watatu hadi tisa mnaosafiri pamoja nje ya saa za msongamano, kampuni nyingi za treni za kusini mwa England, pamoja na inayohudumia njia hii, hutoa punguzo la theluthi moja ya nauli kwa kundi. Uliza dirishani kabla ya kulipa. Zingatia pia kwamba Wendover na Princes Risborough ziko kwenye reli mbili tofauti, kwa hiyo mweleze mkatisha tiketi kwamba mtashukia kituo kimoja na kurudia kingine, asije akawauzia tiketi isiyokubalika jioni. Jioni ya siku iliyotangulia, angalia kama kuna matengenezo ya reli, kwani hufanywa zaidi siku za Jumapili na treni hubadilishwa kwa mabasi.

Usisahau mwanga. Mwezi Desemba jua la kusini mwa England huzama kabla ya saa kumi jioni, na chini ya miti giza huingia mapema zaidi; mwezi Juni huzama baada ya saa tatu usiku. Kuanzia Novemba hadi Januari, hesabu yako iwe na kituo cha tatu baada ya treni na meza: saa ya kutoka pabuni, ambayo isipite saa nane na nusu.

Hatua ya tano: Miguu, mavazi na begi

Siku hutegemea viatu kuliko kitu kingine chochote. Udongo wa Chiltern ni wa chaki iliyochanganyika na mawe ya gumegume, na ukilowa huteleza kama sabuni. Raba za mjini hazishiki. Buti zenye soli ya meno, zilizovaliwa nyumbani kwa wiki kadhaa kabla ya safari, na soksi za sufu, zinatosha. Suruali ya jinzi huloweka maji na kukaa baridi siku nzima, kwa hiyo vaa ya kitambaa chepesi, ndefu hata wakati wa joto, kwa sababu kandokando ya njia kuna majani ya kuwasha na kupe. Vaa nguo kwa tabaka, kwa kuwa mtavua mkipanda na mtavaa tena juu ya kilima kwenye upepo, na koti la mvua liwemo begini hata kama utabiri unasema jua.

Kila mmoja abebe maji yake, nusu lita hadi lita moja, na kitu kidogo cha kutafuna. Korosho, tende au ndizi. Msile sana njiani, ingawa chupa ya chai ya tangawizi juu ya kilima saa tano asubuhi ni jambo ambalo sitamzuia mtu. Kiongozi abebe ramani ya karatasi, tochi, plasta za malengelenge, na kifaa cha kuchajia simu. Jozi ya pili ya soksi na viatu vyepesi vya kuingilia pabuni vina uzito mdogo kuliko raha vinayoileta. Wenye kusali waweke mkeka mwepesi usioingiza maji. Wakati wa kiangazi adhuhuri huingia baada ya saa saba na mnaweza kuswali kabla au baada ya kula, lakini wakati wa baridi adhuhuri na alasiri hukaribiana sana, na kundi linapaswa kupanga kituo hicho tangu asubuhi badala ya kumwacha mtu akitafuta pembe peke yake.

Hatua ya sita: Njiani

Mkitoka kituo cha Wendover, njia inaanza kupanda karibu mara moja, na nusu saa ya kwanza ndiyo ngumu kuliko zote kabla ya chakula. Mwekeni mbele yule anayetembea taratibu, si nyuma, kwa sababu aliye nyuma daima hufika wengine wakiwa wamekwisha pumzika na wanaanza kuondoka, hivyo yeye hapumziki kamwe. Mtu mmoja mwenye nguvu abaki wa mwisho na asipitwe na yeyote.

Juu ya kilima cha Coombe, kwenye mita 260, kuna mnara uliojengwa mwaka 1904 kuwakumbuka wanaume wa Buckinghamshire waliokufa katika Vita vya Makaburu huko Afrika Kusini. Bonde la Aylesbury lote linaonekana chini yake. Tazameni juu pia: ndege wakubwa wekundu wenye mkia uliogawanyika ni aina ya mwewe waliokuwa wametoweka England, na hawa wa Chiltern wanatokana na makinda walioletwa kutoka Hispania kati ya 1989 na 1994.

Kanuni za serikali kwa wageni wa mashambani, zilizotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1951, zinafuatwa na watu bila kusimamiwa. Geti liachwe kama lilivyokutwa: lililofungwa lifungwe, lililoachwa wazi na mkulima liachwe wazi, kwa sababu huenda mifugo yake inalipitia kufuata maji. Takataka zote zirudi begini. Mtakutana pia na geti dogo linalozunguka ndani ya kizimba cha umbo la nusu duara, ambalo ng'ombe hawezi kulipita. Linavukwa hivi: lisukume mbele, ingia kizimbani, jibanze pembeni, lirudishe lipite kando yako, kisha utoke upande wa pili. Aliye na begi kubwa alivue kwanza. Mkikutana na watu wengine, salamu fupi ni kawaida, na mwenye ujuzi wa eneo atakueleza kwa furaha kama mbele kuna tope.

Ng'ombe wanastahili aya yao. Wengi wenu mmekua nao, lakini ng'ombe wa hapa hawajazoea kuchungwa na mtu kwa fimbo, na majike wenye ndama wanaweza kumshambulia mpita njia, hasa mwenye mbwa. Wapitieni kwa mbali, kwa mwendo wa kawaida, msipite kati ya mama na ndama wake, na msikimbie. Mwenye mbwa amshike kwa kamba fupi, lakini ng'ombe wakimfuata kwa hasira amwachilie. Mbwa atajiokoa mwenyewe, na mtu atasalimika. Mkiona kundi limesongamana getini, mnaruhusiwa kuzunguka kando ya shamba na kuirudia njia mbele.

Mtu akiumia, piga 999 au 112, na uwe tayari kusoma namba za mahali mlipo kutoka kwenye programu ya ramani.

Hatua ya saba: Kaunta na meza

Mlangoni, gongesheni buti kwenye chuma cha kukwangulia matope, au zivueni kabisa. Mmoja wenu aende kaunta, ataje jina mliloandikisha, na aonyeshwe meza. Katika pabu nyingi hakuna mhudumu atakayewafuata kuchukua maagizo, na wageni wengi hukaa nusu saa wakidhani wamepuuzwa. Angalieni namba iliyoandikwa juu ya meza, kusanyeni maagizo ya wote, kisha mtu mmoja arudi kaunta, ataje namba hiyo, aagize na mara nyingi alipe hapohapo. Kaunta haina foleni ya kuonekana, lakini kila mtu anajua nani amemtangulia. Mhudumu akikutazama wewe kabla ya mwenye zamu, onyesha kwa mkono kwamba yule alitangulia, na utakuwa umeheshimika hapo kwa siku nzima.

Vinywaji huagizwa kwa raundi, desturi ambayo wengi wetu tunaijua. Kwa asiyekunywa pombe hakuna tabu yoyote: soda yenye ndimu, bia ya tangawizi isiyo na kileo, au sharubati ya maua ya mwituni yenye maji ya gesi hupatikana karibu kila mahali. Si haki mtu huyo atozwe raundi nzima ya bia za wenzake, na kundi jema humwachia alipie chake. Painti moja ni mililita 568, na kilima bado kipo mbele, kwa hiyo moja inatosha wengi.

Chakula cha Jumapili ni nyama ya kuoka ya ng'ombe, kondoo, nguruwe au kuku, pamoja na viazi vya kuoka, mboga, mchuzi mzito, na andazi la Yorkshire lililoumuka kama bakuli. Siku nyingine kuna samaki na chipsi, pai, au sahani ya jibini, mkate na achari. Kwa Waislamu na wengine wenye miiko, vitu vinne vinahitaji kuulizwa wazi. Nyama katika pabu za mashambani kwa kawaida si halali. Viazi na andazi la Yorkshire mara nyingi huokwa kwa mafuta ya ng'ombe au bata bukini. Unga unaofunikia samaki huweza kuwa umekorogwa kwa bia, na kikaango kinaweza kuwa kimetumika kwa nyama. Mchuzi nao huweza kuwa na divai. Njia bora ni kuuliza siku ya simu, kwa sababu jiko lililoonywa mapema linaweza kumwokea mtu samaki kwa siagi. Wenye mzio wana sheria upande wao: pabu inalazimika kueleza kama chakula kina chochote kati ya vitu 14 vilivyotajwa na sheria, vikiwemo karanga, maziwa, mayai na ngano.

Kwa kitu kitamu, keki ya moto yenye mchuzi wa sukari iliyoungua ni chaguo ambalo watu wa pwani hulipenda, kwani ndani yake mna tende. Mgawane wawili wawili. Kilima cha Whiteleaf kinaanza mara tu mkitoka mlangoni, na ni kikali. Bakshishi si lazima mkiwa mmeagiza kaunta, ila mkihudumiwa mezani mwanzo hadi mwisho, angalieni kwanza kama haijaongezwa kwenye bili.

Hatua ya nane: Kurudi

Tokeni pabuni taratibu. Kupanda Whiteleaf ni ndani ya msitu, kisha njia hutokea juu ya msalaba mkubwa uliochongwa kwenye chaki ya mlima, na kutoka hapo mteremko hadi Princes Risborough hauna ugumu. Kama yupo mzee, mjamzito au mtu aliyeumia goti, agizeni teksi kabla hamjaagiza chakula, kwa kuwa vijijini teksi hazisubiri barabarani.

Usiku huohuo, kila mmoja ajikague kupe nyuma ya magoti, kinenani na kwapani. Kupe hutolewa kwa kibano, ukimshika karibu kabisa na ngozi na kumvuta taratibu bila kumminya, na wekundu unaotanuka kwenye ngozi katika wiki zinazofuata ni sababu ya kumwona daktari, kwa kuwa unaweza kuwa ugonjwa wa Lyme. Buti zioshwe, zijazwe magazeti na zikaushwe mbali na hita, ambayo hupasua ngozi ya kiatu. Aliyelipa bili apeleke hesabu kwa wenzake kabla ya kulala, na katika ujumbe huohuo apendekeze tarehe nyingine. Wiki ya mwisho ya Aprili na ya kwanza ya Mei, wakati sakafu ya misitu ya Chiltern inapofunikwa na maua ya buluu, pabu hujaa, na meza ya Jumapili inafaa kuombwa tangu mwezi Machi.